Kamba ya Hatua Kumi

Ruzuku ilitufikia kwa lori, na mara nyingi ilifika imelowa. Maturubai ya siku zile yalikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa, na barabara ya kutoka Iringa mjini kupanda kule kwetu milimani ilipita katikati ya ukungu usiokuwa na msimu. Mifuko ya mbolea ikishushwa, ile ya chini ilikuwa imeshaganda kuwa mawe. Tuliipiga kwa mchi wa kutwangia mpaka ivunjike, na vumbi lake lilituwasha macho hadi jioni. Siku hizi nikiulizwa serikali iliwasaidiaje wakulima wa nyanda za juu katika miaka ya sabini, naona kabisa kwamba anayeniuliza anataka nizungumzie sera. Sera nimezisahau, na sioni hasara. Ninachokumbuka ni kuwashwa macho, na kamba.

Nilikuwa bwana shamba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha kilimo, jozi moja ya buti za mpira, na baiskeli ambayo kule milimani niliisukuma zaidi ya kuipanda. Nilizaliwa na kukulia Iyunga, pale Mbeya, baba yangu akiwa fundi cherehani kando ya barabara kuu. Maziwa tulinunua kwa jirani. Mnyama pekee niliyewahi kufuga ni paka, naye alikuwa akilala kwa watu wengine. Nalitaja hili mapema kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mabondeni, kila mmoja kwa wakati wake na kwa kulalamika kwake, wakapangwa kwa mistari juu ya kilima kipana chenye upepo. Huko walikotoka waliacha vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo hubaki na unyevu hata kiangazi, mtu akavuna mahindi mabichi na maharage wakati wenzake wa juu wanatafuna mate. Kilimani hapakuwa na vinyungu. Palikuwa na udongo mwekundu uliochoka, na ahadi kwamba serikali italipa sehemu kubwa ya bei ya mbegu chotara na mbolea ili udongo huo uamke. Mkulima angechangia kidogo, na mwenye kidogo sana angechangia baada ya mavuno.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mahindi yapandwe peke yake, kwa mstari, bila maharage wala maboga katikati. La pili, kila kaya iwe na ekari moja au zaidi. Chini ya ekari hukupata kitu. Kwenye fomu yangu palikuwa na nafasi ya kuandika ekari moja, mbili, tatu, na kuendelea, lakini hapakuwa na nafasi ya kuandika nusu wala robo tatu. Nilijaza fomu hizo nakala tatu tatu, kwa karatasi nyeusi ya kunakilia iliyonipaka vidole mpaka watu wakadhani ni ugonjwa.

Kila kaya ilitakiwa ipimwe, na mpimaji nilikuwa mimi. Ofisi ya wilaya ilikuwa imeniahidi tepu ya chuma tangu siku niliporipoti kazini. Nilipochoka kungoja nilinunua kamba mpya ya katani gulioni, nikaenda shuleni, nikaazima rula ndefu ya ubaoni, nikaipima hatua kumi sawasawa na kufunga fundo kila mwisho. Ekari ni hatua sabini kwa sabini. Kamba saba upande huu, kamba saba upande ule, kazi imekwisha. Nilijiona mjanja sana.

Wanakijiji waliniwekea utaratibu wao juu ya kazi hiyo. Mwenye shamba ndiye alishika ncha ya mbele ya kamba, na mwenye shamba ndiye alichomeka kijiti pale ilipoishia. Mimi nilifuata na ncha ya nyuma. Hata mzee aliyetembea kwa mkongojo hakukubali nimchomekee. Walikuwa wamenyang'anywa ardhi moja wakapewa nyingine, na hawakutaka mkono wa mgeni ndio uwe wa kwanza kuitoboa. Niliwaelewa, ingawa ilinichelewesha kupita kiasi.

Nilipima kwa wiki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya jua. Ya pili mvua zilianza, zile za Novemba mwishoni, si kubwa ila hazikatiki, na nikaendelea kupima kwa sababu lori la mbegu halikungoja mtu akauke. Naikumbuka wiki hiyo kwa uchovu wake tu. Miguu ilikuwa mizito kwa udongo ulioganda kwenye buti. Nilikuwa nikilala na nguo zilizolowa kwa kuwa zilizokauka hazikuwepo. Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa ghala la kijiji, ukuta mmoja na mifuko ya mbolea, na harufu yake kali ilipenya hadi kwenye ugali.

Nyumba iliyokuwa karibu na ghala ilikuwa ya mama mmoja mjane. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Mwanawe mmoja alikuwa mashambani kwa wazungu wa chai, na binti yake ameolewa Chimala, huko chini kwenye mpunga. Yeye alibaki na ndama mmoja jike, aliyemfunga kwenye mti mfupi nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha, hata awe ameshika mwiko, mama huyu aliacha kila kitu akakimbilia kwa ndama wake. Nilidhani anamwonea huruma asilowe. Nilicheka peke yangu, nikisema hawa watu wa milimani wanabembeleza ng'ombe kuliko watoto.

Shamba alilogawiwa lilikuwa mwisho kabisa, kipande kilichobaki kati ya korongo na shamba la jirani. Hapakuwa na mahali pa kuliongeza. Lilikuwa shamba lake pekee. Vinyungu vyake vilikuwa bonde la tatu kutoka pale, mwendo wa nusu siku, na hakuruhusiwa kurudi kulima huko. Akipata mbolea, angeweza kuvuna magunia ya kumfikisha msimu mwingine. Asipoipata, angekwenda kwa binti yake Chimala kuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwe, jambo ambalo alishaniambia kwamba hatalifanya akiwa na akili zake.

Nilimpima siku ya mwisho, manyunyu yakianguka. Nilipolitazama lile shamba kwa macho nilisema moyoni, hapa hapafiki ekari. Tukaanza. Alishika ncha ya mbele, akatembea, akachomeka kijiti, akatembea tena. Kamba saba zikaenea na ukingo kidogo ukabaki. Upande wa pili vilevile. Macho yalisema hapana, kamba ikasema ndiyo, na chuoni nilifundishwa kuamini kamba.

Mama alisimama kwenye kona akiikusanya ile kamba. Aliiminya mkononi, maji yakadondoka. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mama. Ekari moja kamili."

"Basi. Asante, mwanangu."

Alisema asante kwa sauti ya chini, kama mtu anayepewa kitu asichotaka jirani akione. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na njaa na nilitaka kwenda kuvua buti.

Mbegu zikaja, mifuko ya mbolea ya kupandia ikagawiwa, mama akapata miwili yake. Alipanda vizuri kuliko wanaume wengi pale kijijini. Aliweka mistari iliyonyooka, mbegu mbili kila shimo, na hakuficha hata mche wa boga katikati, ingawa mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alikuwa na maboga yake nyuma ya choo. Mahindi yalipofika magotini yalikuwa ya kijani kilichokolea. Yeye alikuwa akipita kati yake asubuhi, mikono nyuma, bila kufanya kazi yoyote. Nilimwona mara nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale niliona kazi yangu ina maana.

Januari mvua zikasimama, kama zifanyavyo. Jua likawaka karibu wiki tatu. Mifuko ya kukuzia ilikuwa imeshafika, ya kumwagia mahindi mara ya pili, maana chotara bila kukuzia hugeuka manjano na kuzaa vigunzi vya kuchezea watoto. Ilikuwa imepangwa ghalani, nyuma ya ukuta wangu, ikingoja siku ya kugawa. Kabla ya siku hiyo akaja mkaguzi kutoka mkoani.

Alikuja na landrova na viatu vya ngozi, na tepu ya chuma kwenye kasha lake la duara. Sikumchukia. Alikuwa mtu aliyechoka vilevile, aliyekagua vijiji vingi, ambaye kila alipopita alikuta ekari za kwenye karatasi zimezidi ekari za ardhini. Alichagua mashamba matatu ya karibu na barabara, akayapima, yakawa sawasawa. Hayo nilikuwa nimeyapima wiki ya jua. Alikuwa ameshaanza kuifunga tepu yake alipoliona shamba la mwisho, lile la pembeni ya korongo.

"Na hii nayo ni ekari moja?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Tukaenda kupima. Vijiti vya kona vilikuwa bado vipo, mama alikuwa ameviacha kwa heshima. Tepu ilisema hatua sitini na nne upande mmoja, sitini na nne na nusu upande mwingine.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala mchana uleule. Watu walikaa chini. Mkaguzi aliagiza kamba yangu iletwe. Ilikuwa imetundikwa uani kwangu kwa siku zote hizo za jua, kavu kabisa. Ikalazwa chini kando ya tepu, mbele ya kijiji kizima. Hatua kumi. Haikupungua hata upana wa kidole.

Nilifurahi. Sina namna ya kulisema hilo vizuri. Mtu alikuwa anakaribia kuangamia, na mimi nilifurahi kwamba kamba yangu ilikuwa nzuri.

"Nani alishika ncha ya mbele?" mkaguzi akauliza.

"Ni mimi," mama akasema. Alisimama.

"Ulikuwa unachomeka kijiti mwisho wa kamba, au ulikuwa unachomeka kabla?"

Mama akanitazama. Alinitazama kwa muda, hata watu wa mbele waligeuka kuona anatazama nini. Mimi nikainamia fomu zangu na kutafuta jina lake, jina ambalo nililijua lilipo.

"Nilichomeka pale ilipoishia," akasema.

"Sasa mama, kamba iko sawa, umeiona. Bwana shamba naye yuko sawa, haya mashamba mengine amepima vizuri. Nani hapa hayuko sawa?"

Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi zangu nami nikazibana kwa kiganja.

"Labda ni mimi," mama akasema. "Labda nilikosea."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe na mama naye!" na watu wakacheka. Halikuwa cheko baya, ni cheko la watu wanaoshukuru kwamba aliyekamatwa si wao. Mwenyekiti akalikata jina la mama kwa mstari wa rula, taratibu, ili usipinde. Mifuko miwili ya kupandia ilikuwa imeshaingia ardhini, kwa hiyo akaandikiwa deni lake. Ya kukuzia hatapata. Na msimu ujao hatakuwepo kwenye orodha.

Kilichonishika mimi baada ya pale kilikuwa hasira, wala haikuwa ya mkaguzi. Nilimkasirikia mama. Nilimwamini, nikamwandikia ekari yake, naye akanichezea mbele ya mkubwa. Nilimkuta njiani amebeba ndoo, watu wengine wakiwa karibu, nikamwambia kwa sauti, "Mama, umeniaibisha sana."

"Pole, mwanangu," akasema.

Akapita.

Mvua zilirudi siku chache baadaye. Kamba yangu nilikuwa nimeifunga uani kati ya nguzo mbili kuanikia nguo, imelegea katikati kiasi kwamba mashati yalikuwa yakigusa majani. Mvua ya mchana ilinyesha kwa muda wa saa mbili hivi. Nilipotoka kuokoa mashati nilikuta kamba imenyooka na kukazika, na nguzo moja, ambayo sikuichimbia vizuri, imelala kuelekea mwenzake. Nilisimama pale na nguo mkononi nikijaribu kufikiri nani amekuja kukaza kamba yangu. Hapakuwa na mtu. Niliifungua, nikaenda nayo shuleni ikidondosha maji, nikaomba rula. Ilikuwa imepungua karibu hatua nzima.

Nilirudi nikipitia nyuma ya nyumba ya mama. Mvua ilikuwa bado inadondoka. Nilimkuta kwa ndama, ameinama, anahangaika na fundo la kamba shingoni.

"Kamwene, mama," nikasema, kwa salamu yao.

"Kamwene. Ngoja kwanza, hii inamkaba." Akalegeza fundo, akaingiza vidole viwili kati ya kamba na shingo kuhakikisha. "Katani ikinywa maji inajivuta. Nikisahau, nakuta amekufa. Wewe si unajua."

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anavyosema jua limechwa. Kila mtoto pale kijijini alijua. Kila aliyewahi kufunga mbuzi, au mzigo wa kuni, au mlango wa zizi, alijua. Mimi peke yangu, mwenye cheti, ndiye sikujua.

Nilifungua mdomo nimwambie. Naye akanitangulia. Aliangalia huku na huku kwanza.

"Siku ile nilipoona unanipimia na kamba yenye maji, nikasema moyoni, huyu kijana ana huruma. Ameona kashamba kangu ni kadogo, ameona sina mtu. Amenisaidia na hajasema. Sasa na mimi nisemeje? Ningesema mbele ya yule mkubwa, kamba ilikuwa na maji, wangekufukuza kazi. Wewe bado mdogo, una wazazi. Nikanyamaza." Akatabasamu kidogo. "Na pale njiani ulivyonigombeza watu wakisikia, nilielewa. Ulifanya vizuri. Wasingejua."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo. Nimezika wazazi wote wawili, nimesomesha watoto, nimestaafu kwa barua yenye mhuri. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitakiwa niseme maneno machache tu. Mama, mimi sikujua. Mama, sikuwa na huruma yoyote, nilikuwa na njaa. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Ndiyo, mama."

Kisha, kwa kuwa nilishindwa kukaa na jibu hilo, nikamwambia kesho naenda wilayani kueleza.

"Usiende," akasema. "Yameshapita."

Nilikwenda. Nilitembea hadi barabara ya malori, nikapata lori la mbao, nikakaa juu ya mbao hadi wilayani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Kwamba kosa ni la kamba na kamba ni yangu. Kwamba wale wote niliowapima wiki ya mvua wamezidishiwa, si yeye peke yake, ila wao wana mashamba makubwa na hawakuanguka chini ya ekari. Kwamba mifuko ya kukuzia bado ipo ghalani na mfuko mmoja unamtosha. Yalikuwa maneno mazuri, na yalikuwa ya kweli.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Mkubwa wangu aliponiita alikuwa na mafaili mpaka kidevuni. Kabla sijakaa akasema mkaguzi amekisifu kijiji changu. Wenzangu wa vijiji vingine walikuwa wakipima kwa miguu, wengine hata kwa macho, na watatu tayari wamesimamishwa kazi. Mimi kamba yangu ilikuwa sawasawa hata mbele ya tepu.

"Haya," akasema, "una shida gani?"

Nikasema nimekuja kuomba tepu ya chuma.

Alicheka, akafungua mtoto wa meza, akaitoa. Ilikuwa humo muda wote, katika kasha lake, na vumbi kidogo juu. Nikatia sahihi, nakala tatu. Nikarudi barabarani kungoja lori, na sikujisikia vibaya kama ambavyo ningetarajia. Nilijisikia nimechoka tu. Uchovu ni kitu cha kufaa sana mtu akitaka kujisamehe.

Mama alikuwa kwenye mahindi yake nilipopita kesho yake. Aliona kasha mkononi mwangu, akaja ukingoni. Hakuniuliza kama nimesema. Aliivuta ile tepu kidogo, akagusa chuma kwa kidole gumba.

"Hii hainywi maji?"

"Hainywi, mama."

"Afadhali kwako," akasema. "Ila sasa hutaweza tena kumwongezea mtu."

Kukuzia kuligawiwa juma lililofuata. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mwenyekiti, nami niliita majina. Jina lake nililiruka, mstari wake ulikuwa umenyooka kweli. Watu walipoondoka nilifagia sakafu. Mifuko mibovu ilikuwa imemwaga, na nilipokusanya punje zile za mbolea pamoja na uchafu wake zilijaa makopo mawili. Nikampelekea mchana, mbele ya macho ya watu, nikijiambia kwamba takataka za ghala si mali ya mtu. Zilitosha mistari mitatu.

Kufikia Machi kila aliyepita njia ile aliweza kusoma habari yote kwa macho. Mistari mitatu ya mwanzo, upande wa njia, ilikuwa ya kijani na mirefu kuliko mimi. Mingine yote ilikuwa ya manjano, imedumaa, majani yakikauka kutoka chini. Watu walisema bwana shamba alimwonea huruma yule mama hata baada ya aliyomtendea. Nilizidi kupendwa. Nilikaribishwa ulanzi, pombe yao ya mianzi, kwenye nyumba nisizozijua.

Baadaye nilihamishiwa Chimala, nikawapimia watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini kutafuta malisho ya Usangu. Tepu ya chuma niliitumia hadi herufi zake zikafutika. Nikiona mtu ametoka nje kwenye mvua kukimbilia mnyama aliyefungwa, nilikuwa nageuza uso. Mama huyo kumbe naye alishuka huko Chimala mwaka uleule, kwa binti yake, na ndama wake akauzwa njiani. Nilisikia kwa mtu. Nilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na sikwenda.

Lakini kabla ya hayo, mahindi mabichi yalipoiva pale kilimani, alikuja mlangoni kwangu asubuhi moja na sahani iliyofunikwa. Kwao, mahindi ya kwanza hupelekewa yule aliyekusaidia shamba. Yalikuwa manne, makubwa, yamechomwa vizuri, bado yana moto.

"Ni ya mistari yako," akasema.

Nikamwambia aingie, akakataa, ana kazi. Lakini hakuondoka. Alisimama pale kizingitini, mikono nyuma, akingoja nionje. Kwa hiyo nikala, mbele yake, punje kwa punje. Akauliza kama ni matamu. Nikasema ni matamu, mama, na katika yote niliyomwambia mwaka ule, hilo peke yake lilikuwa kweli.